Kituo cha diski cha eSATA: diski inazunguka, kompyuta kimya

Haya, karibuni tena, niko hapa Kampala na leo umeme upo, kwa hiyo twende haraka. Kilicho mezani ni kituo cha kuchomekea diski. Diski inasimama wima humu mdomoni kama mkate kwenye tosta. Nyuma kuna tundu la USB 3.0, na hili jingine ni eSATA, yaani SATA, njia ya diski za ndani ya kompyuta, iliyotolewa nje. Nilitoa shilingi 90,000, na muuzaji akaniapia, "Ssebo, unachomeka tu, inaonekana."

Kwa USB hakudanganya. Naishusha diski, nawasha swichi... hiyo, Ubuntu, Linux ninayotumia, imeshaifungua. Sina la kuongeza.

Kwa eSATA sasa, jioni nzima niliipoteza. Diski inazunguka, naisikia kwa masikio yangu, lakini kwenye skrini hakuna kitu. Nikiwasha kompyuta upya diski ikiwa ndani, inaonekana! Mkiona hivyo, msirudi dukani kugombana na mtu. Ingieni kwenye BIOS, mipangilio ya kompyuta kabla haijawaka kabisa, mwangalie: huenda SATA imewekwa IDE, mtindo wa zamani usiojali unachochomeka mashine ikiwa imeshawaka. Wekeni AHCI, mtindo unaojali. Wenye Windows, taratibu: mkibadilisha kabla ya kuiandaa Windows yenyewe, inaweza kugoma kuwaka.

Mimi nilibadilisha, na bado kimya. Nikaja kugundua laptopu yangu inabana umeme kupita kiasi. Linux ikiwekewa min_power, yaani umeme kidogo kabisa, tundu lisilo na diski linalazwa, na aliyelala hasikii hodi. Nikaandika max_performance, yaani nguvu zote, kwenye faili ya link_power_management_policy ya tundu lile, basi.

Na ukiwa na haraka, liamshe kwa mkono. Sogeeni muone:

echo "- - -" | sudo tee /sys/class/scsi_host/host2/scan

Vistari vitatu, vina nafasi katikati. Maana yake ni tafuta kote, usichague. Kwangu tundu ni host2, kwenu namba inaweza kuwa nyingine. Dirisha la pembeni nimeacha dmesg -w, amri ya kuonyesha ujumbe wa mfumo, ikikimbia, na huyo hapo: "SATA link up", halafu sdb, jina la diski yangu. Nilipiga kelele mpaka jirani akauliza kuna nini.

Je, mnunue? Kama mnahariri video za harusi na diski zimejaa droo, ndiyo, kwa ajili ya USB. eSATA ichukulieni kama nyongeza ya mtu mvumilivu. Ila mjue kituo hiki kina adapta yake ya umeme. Umeme ukikatika, laptopu inabaki na betri, diski inazimika katikati ya kunakili. Mimi nimekichomeka kwenye UPS, betri ya akiba.

Na msiichomoe inavyozunguka hivi. Nabonyeza alama ya kutoa, nasubiri, nazima swichi... sikilizeni sauti inavyoshuka. Imenyamaza. Sasa ndiyo naivuta.