Mgahawa wa Kilebanoni karibu na Edgware Road, London: anzeni na mezze

Ukija hapa ukaagiza sinia la nyama choma peke yake, utashiba vizuri lakini utaondoka bila kujua kwa nini mgahawa huu umedumu tangu miaka ya 1980, wakati majirani zake wanafungua na kufunga. Choma yao ni nzuri, ila choma nzuri London hii haina uhaba. Heshima ya hawa iko kwenye zile sahani ndogo ndogo za mwanzo, mezze, na ningependa Mswahili yeyote anayeishi huku au anayepita aanze na hizo.

Uko kwenye mtaa mdogo unaochepuka kutoka Edgware Road, dakika chache kwa miguu kutoka Marble Arch. Walebanoni wengi walifika maeneo haya wakikimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1975 hadi 1990, na waliouanzisha mgahawa huu walikuwa miongoni mwao. Ukutani kuna picha ya majabali ya Raouché yaliyosimama baharini pale Beirut, na nyingine ya nguzo za hekalu la kale la Baalbek. Nyama ni halali, pombe hakuna, na Ramadhani wanafuturisha kwa tende na supu ya adesi kabla hujaagiza chochote.

Ukikaa tu, inaletwa sahani ya mboga mbichi ambayo haimo kwenye bili: letasi, tango, figili, nanaa, zeituni, na achari ya tanipu iliyogeuka rangi ya waridi kwa sababu ya bitiruti. Msiiache pembeni. Letasi ile ndiyo kijiko chenu cha tabbouleh, saladi ya pasli.

Na tabbouleh ndiyo ninayoipimia mgahawa wowote wa Kilebanoni. Ya supamaketi mara nyingi ni ngano tupu iliyotiwa majani mawili matatu. Ya hapa ni pasli, halafu pasli tena, imekatwa kwa kisu kikali. Mashine huyaponda majani yakatoa maji, lakini haya unayaona yako chambuchambu, kila kipande na ukingo wake. Ngano ya bulgur imo kidogo tu, ya kunyonya maji ya nyanya na limau. Vitunguu majani na nanaa vinasikika kwa mbali. Tulipofika nusu niliinamisha sahani: chini kulikuwa na limau na mafuta ya zeituni, yanang'aa, bila lile dimbwi la kijani. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeosha majani mapema, akayakausha vizuri, na asiyachanganye na chumvi mpaka yaagizwe.

Jambo la pili ni toum. Ni kitunguu saumu, chumvi, limau na mafuta basi, hakuna yai wala mayonezi, vinapigwa taratibu mpaka vinakuwa vyeupe na vyepesi kama povu la sabuni. Sehemu nyingine huichanganya na viazi ili iwe nyingi, na ulimi unajua. Ya hapa inapanda puani, kisha inatulia. Ombeni na mkate wa moto; unaletwa umevimba, na ukiutoboa mvuke unatoka.

Hummus, ile ya dengu zilizosagwa, ni nzuri, sina la kuongeza. Moutabal ina harufu ya moshi kwelikweli, maana bilingani limechomwa na ganda lake juu ya moto kabla ya kuchanganywa na ufuta uliosagwa. Kibbeh za kukaanga zina ganda jembamba la nyama na ngano, ndani kuna nyama ya kusaga, vitunguu na mbegu za msonobari. Mkipata nafasi ya sahani moja zaidi, chukueni maini ya kuku yaliyomaliziwa kwa rojo ya komamanga. Ule uchachu wenye utamu unakaa mahali ambapo sisi tungetia ukwaju.

Sasa niwaambie kitu ambacho wageni wengi hukipita. Kuna mlo wa siku, vyakula vya nyumbani, na hauko kwenye menyu kubwa yenye picha. Umeandikwa kwa Kiarabu kwenye ubao mdogo karibu na kaunta, muulizeni mhudumu. Nilikuwa na mama yangu, amekuja kututembelea kutoka Tanga, na siku hiyo ilikuwa zamu ya mulukhiyah. Mama akaangalia lile bakuli, akachota, akasema, "Huu si mlenda huu?" Naam, ni jamii ileile ya majani. Wamisri huyakatakata mpaka yakawa na telezi. Walebanoni wengi huyapika mazima, ndiyo maana telezi yake ni ndogo. Yalikuja na kuku, giligilani iliyokaangwa na kitunguu saumu, wali wa tambi pembeni, na kibakuli cha vitunguu vilivyolowekwa kwenye siki. Mama alimwaga siki yote. Mhudumu mmoja, mtu mzima aliyekuwa akimwita "hajja" tangu tulipoingia, alimletea kibakuli kingine bila kuombwa, akasimama kidogo kumweleza kwa ishara kwamba nyumbani kwao wanafanya hivyo hivyo. Mama hana Kiarabu cha mazungumzo wala Kiingereza kingi. Walielewana.

Yapo ya kurekebisha, na nayasema kwa sababu naupenda mgahawa huu. Jumamosi usiku jiko linazidiwa: mezze huja upesi, lakini choma hukawia, na ikija, shish taouk, yaani mishikaki ya kuku, huwa imekauka kingo. Wakati wa mchana siku za kazi kuku huyohuyo ni laini, na yale maziwa mgando na limau aliyolowekwa unayapata mpaka ndani. Choo kiko chini, ngazi ni za mwinuko mkali na mkono wa kushikilia uko upande mmoja tu. Kwa mama mwenye magoti mabovu ilikuwa mtihani, na sidhani kiti cha magurudumu kinaweza kufika huko. Halafu bili ina asilimia 12.5 ya huduma, tayari imejumlishwa. Si kosa, ndiyo desturi ya London, na sheria inawaruhusu kuomba iondolewe kama hamkuridhika. Isomeni tu kabla ya kuacha bakshishi juu yake.

Bei ni za kati kwa mji huu. Watu wawili mkichukua mezze nne, mkate na mlo mmoja wa siku, mnashiba na mnabakiza. Hapo ndipo wengi wanapotupa pesa: wanaagiza mezze, kisha kila mtu na sinia lake la nyama, na chakula kinarudi jikoni. Agizeni kidogo kidogo; hawachoki kurudi mezani.

Mwisho wa chakula, knafeh, kitamu cha jibini na shira, ikiwa ya moto chukueni moja mgawane, jibini yake inavutika na shira si nyingi. Wasiotaka kahawa usiku waombe "kahawa nyeupe", ambayo haina kahawa hata chembe, ni maji ya moto na matone ya maji ya maua ya mchungwa. Tumbo linatulia.

Mkiwa watu zaidi ya wanne pigeni simu mapema, maana meza kubwa ni chache, na ombeni ile ya ndani. Ya mlangoni inapigwa na baridi kila mteja wa chakula cha kubeba anapoingia. Kama lengo ni mlo wa siku, fikeni kabla ya saa nane mchana. Baada ya hapo sufuria huwa limeshakwanguliwa.