Waling'oa magego yangu mawili na uchungu ukabaki palepale

Wacha niseme hii maneno leo kwa sababu imenikaa kifuani sana. Ni kliniki moja ya meno hapa Kisumu, jina sitaji.

Ilianza msimu wa mvua. Niko nyuma ya boda natoka Kondele, upepo ukanipiga shavu la kulia, nikahisi kama nimeshikwa na stima kwa taya. Sekunde chache, imeisha. Halafu inarudi, nikipiga mswaki, nikitafuna, hata nikisalimia mtu tu, mpaka nikaacha kuosha uso upande huo nikawa natembea nimejifunga leso.

Daktari akagonga meno mbili tatu akasema gego limeoza ndani, akang'oa. Wiki haijaisha niko pale tena, akang'oa la pili. Mara ya tatu nikamwambia daktari hili si jino, inakuja kama stima na inaenda, panadol haifanyi kitu. Mbele ya watu wote kwa benchi akanijibu, "Mama, umri ukienda mtu anaogopa kila kitu, enda upumzike." Akaita anayefuata! Nina miaka 53, nimezaa wanne, uchungu mimi naujua.

Aliyenisaidia ni daktari wa hospitali nyingine, aliniuliza tu inachukua muda gani na nini huiamsha. Akasema ni neva ya tano ya kichwa, ile yenye matawi matatu, paji la uso, shavu na taya, na mara nyingi ni mshipa wa damu unaikandamiza huko ndani karibu na ubongo. Akaniandikia karbamazepini, ndiyo hiyo dawa ya kifafa, nikashtuka, lakini ndiyo huanziwa kwa huu ugonjwa. Unaanza kidogo unaongezwa polepole, damu inapimwa, na huiachi ghafla. Inanipa usingizi na kizunguzungu, lakini ugali nakula.

Hiyo kliniki ya meno nilitaka kuwapa nyota sifuri. Lakini kijana wangu walimziba jino vizuri kabisa, na yule dada wa mapokezi alinishika mkono nikilia. Na huu ugonjwa unafanana na jino, watu wengi wameng'olewa bure kama mimi, kwa hivyo kukosea nimesamehe. Hapana, la kwanza nimesamehe. La pili aling'oa bila hata picha, na ile kunifukuza nikiwa nimeshika shavu siwezi. Nyota moja, na ni ya yule dada.

Mpaka leo natafunia upande wa kushoto.