Robota la duara lililooza moyoni

"Mama, ng'ombe wa watu wanakula hii na hawalalamiki." Dereva alinijibu hivyo akiwa ameshika usukani, injini inanguruma, nami nimesimama kando ya robota lililopasuliwa, yaani furushi la nyasi kavu zilizobanwa na kufungwa kamba, huku mikono imejaa ukungu mweupe hadi kwenye viwiko. Sijalala vizuri tangu siku ile.

Nafuga farasi watatu upande wa Timau, Kenya. Miaka yote nimewalisha marobota madogo ya nyasi za Boma Rhodes, yale ya kilo 15 hivi ambayo mzee wangu, saisi (mtunza farasi) wa tangu zamani, anabeba begani. Kiangazi kilipokaza nikajaribu marobota makubwa ya duara kutoka kwa muuzaji mmoja wa huku kwetu. Hesabu ilinivutia. Farasi wa kilo 400 anakula karibu kilo 8 kwa siku, kwa hiyo robota la kilo 250 likikaa malishoni linawatosha watatu kwa siku kumi, bila mtu kubeba chochote asubuhi na jioni.

Na nikiri: robota la kwanza lilinifurahisha kupita kiasi. Rangi ya kijani, harufu nzuri, majani laini. Fundi wa kuchomelea alinitengenezea kizimba cha chuma cha kuwekea robota, kisicho na vyuma vya juu, maana vile vya ng'ombe vinaweza kumnasa farasi kichwa. Bila kizimba ni hasara tupu: wanakanyaga, wanakojolea, wanalalia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipima wakakuta robota likiwekwa chini tu, asilimia 57 ya nyasi hupotea, ilhali vizimba vilipunguza hasara hiyo hadi kati ya asilimia 5 na 33. Kilichonigusa zaidi ni yule farasi wangu mdogo, ambaye jike mkubwa humfukuza kila ndoo ikiwekwa. Safari hii alizunguka upande wa pili akala kwa raha yake. Waliacha hata kuguguna nguzo za uzio. Niliwasifia majirani wawili huduma hii, na leo naona haya mbele yao.

Robota la pili lilikuja mvua zikiwa zimeanza. Kwa nje lilikuwa safi kabisa. Mzee alisema, "Mama, tulipasue kwanza kabla gari halijaondoka." Dereva akasema ana safari nyingine, akaliviringisha hadi malishoni, na pesa nilikuwa nimeshatuma. Mzee hakumsikiliza, alichukua panga akakata kamba. Alipofika katikati alinyamaza. Nilitia mkono, nikakuta joto kama la samadi na uvundo, na kila tabaka alilofunua lilitoa vumbi jeupe. Nyasi hizo zilifungwa mbichi, na nyasi mbichi zikibanwa hivyo hupata joto, huota ukungu, na zikirundikwa bandani zinaweza hata kujiwasha moto. Aliyezifunga anajua hayo kuliko mimi.

Ndipo nilipomkimbilia dereva, naye akanitajia ng'ombe wa watu.

Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne na anacheua, na hata yeye hapaswi kupewa ukungu. Farasi hawezi kutapika. Kinachoingia ama kinapita ama kinakwama, na kikikwama ni msokoto wa tumbo, ambao humuua mnyama huku unamtazama. Mapafu yake nayo hayavumilii vumbi la namna ile. Mtu anayeuza chakula cha farasi asipojua hili afanye kazi nyingine.

Tulipogeuka, jike alikuwa ameshachomoa nyasi mara kadhaa na kuzila. Kesho yake alianza kukohoa, kikohozi kikavu, shingo ameinyoosha. Daktari wa mifugo alikuja mara mbili, na hadi sasa nyasi zake tunaziloweka kwanza ili zisitoe vumbi. Bili ya daktari imepita bei ya robota lenyewe. Nilimpigia mwenye mali akaniuliza, "Si ulipokea?" kisha akakata simu.

Nilikuwa nimeamua kuandika kwamba msinunue marobota ya duara kabisa. Lakini si kweli, na hasira isinifanye nidanganye. Robota zuri, lililofungwa likiwa kavu na kutunzwa chini ya paa, halina mfano kwa farasi wanaoshinda malishoni, hasa kwa mnyonge anayenyang'anywa. Kama lile la kwanza ndilo wanaloleta siku zote, ningewapa nyota nne. Basi niseme tatu.

Hapana. Nikikumbuka lile jibu la dereva siwezi kuwapa tatu. Kosa la nyasi ningelisamehe, mvua ni ya Mungu. Wangesema pole, wangelibeba robota lao, yangeisha. Nawapa moja, na ukilazimika kununua kwao usitume hata shilingi kabla hujalipasua hadi katikati dereva akiwa amesimama hapo.

Robota lenyewe bado liko malishoni, kwa sababu sina trekta ya kuliondoa. Tumelizungushia seng'enge na farasi tumewahamishia upande wa mto. Asubuhi kukiwa na baridi linafuka moshi mwembamba, na jike akipita karibu anasimama kuliangalia.