Gök au domherre: jina gani la ndege la Kiswidi limekaa vizuri?

Mimi kura yangu ni kwa gök, nasema mapema tu. Huyu ni kekeo, yule mjanja anayetagia kwenye viota vya wenzake, na jina lake ni sauti yake mwenyewe, Kinorsi cha kale, lugha ya zamani ya huko Skandinavia, kilimwita gaukr, jaribu kulitamka kwa sauti utamsikia kabisa. Waswidi mpaka wana gökotta, wanaamka alfajiri Siku ya Kupaa wanaenda porini kumsikiliza, na mwelekeo wa sauti nao una maana yake, akilia kusini ni kifo, magharibi ndo bora kuliko zote, mashariki faraja, kaskazini huzuni. Halafu baridi ikikaribia anakimbilia huku Afrika, kwa hiyo ni kama jirani vile.

Domherre sasa, yule ndege mdogo ambaye Waingereza wanamwita bullfinch, jina lake lina mbwembwe. Dom ni kanisa kuu, herre ni bwana, yani padri mkubwa wa kanisa kuu, limetokea Ujerumani. Ukimwona dume unaelewa: kifua chekundu, kichwa cheusi kama kavaa kofia, kanenepa, katulia kwenye theluji, ndo maana kadi za Krismasi za huko zimejaa yeye. Ila jike je? Kifua chake ni kijivu cha kahawia tu, hana joho jekundu wala nini, na bado anaitwa bwana padri! Gök hana shida hiyo, ingawa kusema kweli anayeita vile ni dume peke yake, jike ana mlio mwingine kabisa kama maji yanabubujika.