TAHADHARI: Dalali wa presepta anayewatapeli manesi wenzetu Texas

Ndugu zangu mnaosomea NP (nesi wa ngazi ya juu anayetibu wagonjwa) hapa Marekani, hasa mlio kwenye vyuo vya mtandaoni vinavyokuachia ujitafutie mwenyewe pa kufanyia klinikali, yaani mafunzo ya vitendo kwa wagonjwa, someni hii kabla ya kutuma hata dola moja.

Mwezi wa saba nilikuwa nimebakiza wiki sita rotesheni ya watoto (awamu ya klinikali ya kutibu watoto) ianze, na sina presepta, yaani NP au daktari wa kunisimamia na kunifundisha kliniki. Nilishapigia kliniki zaidi ya 40 Dallas na vitongoji vyake, nikitoka shifti ya usiku sijalala. Majibu ni yale yale: tumejaa, hatuchukui wanafunzi, au kimya. Ndipo mama mmoja akanifuata WhatsApp, Kiswahili safi: "Pole dada yangu, hata mimi nilipitia hayo hayo." Akasema ana NP wa watoto Fort Worth, masaa 135 kwa dola 1,900, nitangulize nusu ya kushika nafasi maana kuna wawili wanaingoja. Usiku huo huo nikatuma dola 950 kwa Zelle, ile huduma ya kutuma pesa benki kwa benki.

Siku mbili baadaye akaniletea mkataba wa kliniki na chuo, umesainiwa tayari. Moyo ukaniruka kwa shaka. Mkataba kama huo unapitia chuoni na kwa wenye kliniki, na huchukua wiki kadhaa, pengine miezi. Nikachukua namba ya NPI ya huyo presepta, zile tarakimu 10 za kumtambulisha mtoa huduma za afya, nikaiingiza kwenye rejista ya NPI ya serikali, ambayo ni bure na iko wazi kwa kila mtu. Likatoka jina la mtu mwingine kabisa: mtaalamu wa fiziotherapi, tena wa Ohio. Nikapigia kliniki kwa namba niliyoitafuta mwenyewe, si ile niliyopewa. Dada wa mapokezi akanijibu kwa upole kwamba hawana NP wa jina hilo, na kwamba mimi ni mtu wa tatu kumuulizia mwezi ule.

Nilipombana yule mama wa WhatsApp hakukana. Alisema basi niongeze dola 400, atanisainia masaa yote bila mimi kukanyaga kliniki. Jamani, hapa ndipo nawaomba mnisikilize zaidi. Viwango vya kitaifa vya mafunzo ya NP vya 2022 vinataka masaa 750 ya kuhudumia wagonjwa moja kwa moja. Zamani yalikuwa 500. Mtoto wa miezi minane anayevuta pumzi kwa shida, mbavu zikibonyea, anahitaji mtu aliyewahi kuona kifua kama hicho akiwa na mwalimu pembeni. Na ukikamatwa hutafukuzwa chuo tu. Hata leseni ya RN (nesi aliyesajiliwa) unayolishia watoto na wazazi nyumbani inaingia hatarini. Januari 2023 waendesha mashtaka Florida walitangaza kesi dhidi ya watu 25 kwa biashara ya vyeti bandia vya unesi, zaidi ya 7,600, na manesi waliokuwa tayari kazini wakaanza kunyang'anywa leseni.

Nilipokataa, akaniblock. Benki imesema nilituma kwa hiari yangu, hawawezi kurudisha.

Sisemi kila dalali ni mwizi. Wapo wanaolipwa na wanaleta presepta wa kweli. Ila usilipe mpaka chuo chenyewe kimekuandikia kwamba presepta amekubaliwa na mkataba umekamilika, kwa sababu masaa ya kabla ya hapo hayahesabiwi. Leseni ya NP iangalie kwenye Nursys, tovuti ya kuhakiki leseni za manesi, ya daktari kwenye bodi ya madaktari ya jimbo lake. Akikataa kadi ya benki anataka Zelle au Cash App peke yake, achana naye. Na msione haya kuisumbua ofisi ya klinikali ya chuo. Mimi niliona haya, nikadhani ni mimi tu niliyeshindwa. Nilipowaandikia na kuweka nakala kwa mkuu wa programu, walinipatia kliniki baada ya wiki tatu.

Nimeshapeleka malalamiko FTC (tume ya serikali ya kulinda wateja), IC3 (kituo cha FBI cha malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni) na kwa mwanasheria mkuu wa Texas. Kama umepokea ujumbe unaoanza na "Pole dada yangu" na ahadi ya Fort Worth, usifute chochote. Piga skrinishoti zenye tarehe na risiti ya malipo, upeleke malalamiko yako pia, kisha niandikie faragha tulinganishe namba alizotumia.