Uzoefu wangu katika jumba la makumbusho la vyura, Estavayer-le-Lac

Jumba hili liko katika mji mkongwe wa Estavayer-le-Lac, karibu na Ziwa Neuchâtel nchini Uswisi, na treni za kutoka Fribourg hufika mjini humo. Hazina yake kuu ni vyura 108 waliokaushwa na kupangwa katika shughuli za kibinadamu, kazi iliyofanywa katikati ya karne ya 19 na François Perrier, mwanajeshi aliyewahi kumtumikia Papa huko Roma.

Wapo walioketi kula chakula, wapo wanafunzi darasani, na wapo wacheza karata, ambao ndio walionishika zaidi. Ukitazama jinsi migongo inavyokaa na vidole vyembamba vinavyoelekea mezani, utakubali kwamba Perrier aliwachunguza kwa makini majirani zake kabla ya kuwachunguza vyura. Aliwatoa matumbo kupitia kinywani, kisha akaijaza ngozi mchanga, na hivyo hakulazimika kuwapasua tumbo na kuacha mshono.

Sanaa hii haikuwa yake peke yake. Hermann Ploucquet wa Stuttgart aliwavutia watazamaji wengi katika Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, naye Walter Potter wa Sussex alikamilisha harusi yake mashuhuri ya watoto wa paka mwaka 1890. Hata hivyo, kwa maoni yangu Perrier aliwashinda wote kwa kuchagua mnyama anayefaa: chura hana mkia, ana mapaja marefu na mikono yenye vidole, kwa hiyo akiketishwa kitini anafanana nasi mara moja, ilhali paka wa Potter wanahitaji magauni na suti ili tuwaone kama maharusi.

Thamani nyingine ni kwamba vyura hawa wamebaki pamoja katika mji wao. Mkusanyiko wa Potter uliuzwa mnadani mwaka 2003 ukatawanyika, hasara ambayo bado inanisikitisha, kwa sababu kazi za namna hii hueleweka vizuri zaidi zinapotazamwa kwa pamoja.

Asiyestahimili kuona wanyama waliokufa atapata shida humu, na mzazi azungumze na watoto mapema. Wengine wote nawahimiza waende bila haraka, waanze na vyura, na taa za kale za reli zinazohifadhiwa humo wazitazame baadaye.