CryoTel GT: mashine imara, tatizo ni ombwe

Maabara iliyochoka kusubiri mitungi ya naitrojeni ya kimiminika ianze kuangalia CryoTel GT, mashine ya umeme ya kupoza vifaa hadi baridi kali, ya Sunpower, kampuni ya Athens, Ohio, Marekani. Ina uzito wa kilo 3 na ushee, inakula umeme wa wati 240, na katika kelvini 77 (nyuzi −196 za Selsiasi) inaondoa joto la wati 16. Msidharau hizo 16. Upande wa moto ukiwa nyuzi 35, hata mashine kamilifu ya Carnot, ile ya kinadharia isiyopoteza nishati yoyote, ingehitaji wati 48 za umeme.

Ndani mna heliamu iliyofungwa kabisa, mafuta hamna, na pistoni huelea kwenye gesi bila kugusa silinda, kwa hiyo hakuna cha kulika. Mashine ndogo ya kampuni hiyohiyo, M77, ilipanda angani na RHESSI, setilaiti ya NASA ya kuchunguza Jua, Februari 2002 kupoza vigunduzi vyake vya mnururisho, vya fuwele za jerimaniamu. Vipimo viliendelea hadi 2018.

Kinachoharibika mara nyingi ni kilichojengwa kuizunguka: ganda lenye ombwe, yaani nafasi iliyoondolewa hewa, linalokinga upande wa baridi dhidi ya joto la nje. Eneo jeusi la sentimita za mraba 100 la upande wa baridi lililoachwa wazi hunyonya takribani wati 4.6 za mnururisho wa joto wa chumba, zaidi ya robo ya uwezo wote! Lifungeni kwa matabaka 10 hadi 20 ya plastiki yenye aluminiamu, yakae kwa ulegevu. Yakibanwa yanapitisha joto. Ombwe liwe chini ya paskali 0.01. Mipira ya kuziba hupenyeza hewa polepole, kwa hiyo mtambo wa miaka unataka vizibo vya chuma, na mkaa amilifu upande wa baridi. Ganda la nje likianza kutoa jasho, ombwe limekwisha.

Ncha ya baridi isibebe uzito: bomba lake ni jembamba na likipinda, sehemu za ndani zinasuguana. Unganisheni mzigo kwa msuko wa shaba, ambao pia hupunguza mtetemo. Kwa hadubini nyeti bado hatuipendekezi.

Mombasa au Dar, feni peke yake huenda isitoshe kupoza upande wa moto. Tumieni maji ya mzunguko. Kama mnapoza kigunduzi cha jerimaniamu na umeme ukikatika, zimeni kwanza volti kubwa ya kigunduzi. Jerimaniamu ikishaanza kupata joto, msiipoze tena katikati ya safari, maana uchafu ulioachiliwa na kuta hugandia kwenye fuwele na mkondo huvuja. Iacheni ifike joto la chumba, vuteni ombwe upya, ndipo muwashe.